Mchi na Mauser

Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya meza ya jikoni kwa Mzee Mikael, juu ya taulo lenye maua. Ilikuwa ndefu kuliko Flaviana alivyotazamia. Angeisimamisha sakafuni, mdomo wake ungemfikia mabegani. Kitako cha mti kilikuwa kimejaa mikwaruzo, na pembeni mtu fulani alikuwa amechonga herufi mbili za jina lake.

"Mauser, ya mwaka 1907," Mikael alisema kwa Kiswidi chake cha polepole. "Jeshi lilipozichoka, liliziuza. Babangu akanunua hii, mimi nikairithi. Sasa bega langu limeikataa. Ichukue kwa kronor elfu moja na mia tano. Ni bei ya viatu vya baridi."

Flaviana aliiinua. Alikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini Flemingsberg, na mikono yake ilikuwa imezoea kugeuza watu wazima kitandani. Josefin, nesi wa wodi yake na binti wa Mikael, ndiye aliyemwingiza kwenye kikundi cha wawindaji cha baba yake miaka miwili iliyopita. Flaviana alifanya mtihani wa uwindaji kwa Kiswidi mara tatu, na mara ya tatu akafaulu. Oktoba iliyopita aliangusha älg wake wa kwanza kwa bunduki ya kuazima: mnyama mkubwa kuliko ng'ombe, mwenye pembe kama koleo mbili. Wazungu walipokuwa wakitafuta visu, yeye alikuwa amekwisha kumpasua tumbo.

Jirani wa Mikael aliingia kuomba ngazi. Akamtazama Flaviana, akaitazama bunduki, akacheka.

"Siku hizi ninyi wenyewe ndio mnawauzia? Nilidhani huko Tensta, kwa wahamiaji, wanazo za kutosha."

Mikael aliinamisha kichwa, masikio yakamwiva. Flaviana alitabasamu lile tabasamu alilokuwa akiwapa wagonjwa wanaomtemea uji. Jirani alipokwisha kutoka na ngazi yake, Mikael alitia sahihi fomu ya polisi haraka haraka, kama mtu anayelipa faini.

"Andika hapa utakapoihifadhi. Lazima iwe sefu ya chuma, ifungwe ukutani kwa bolti. Halafu uitume. Kibali kikitoka, uje uichukue." Alisita. "Mumeo anajua?"

"Atajua leo."

*

Roméo alikuwa fundi wa mabasi, mtu mpole kupita kiasi. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa Flaviana hakuwahi kumwona akichinja hata kuku. Alisikiliza habari ya bunduki akiwa amesimama kwenye sinki akijisugua grisi kwenye kucha, na alipomaliza kusugua akaanza tena upya.

"Bunduki? Mu nyumba hii?"

"Ya kuwinda, Baba Nicole. Na kibali. Itakaa mu sefu."

"Azima, kama mwaka jana."

"Mwaka jana niliomba kama maskini. Nilingoja mpaka kila mtu amechagua yake, nikapewa iliyobaki. Baba yangu alikuwa mwindaji kule kwetu Walikale. Nilikula nyama ya pori mbele ya kujua kusoma. Hii ndiyo kitu moja ya huku ninaijua kuliko wao, na unataka niombe?"

"Nyama ninakula. Sikatai nyama."

"Sasa unakataa nini?"

Nicole, binti yao wa miaka kumi na minane, aliinua macho kutoka kwenye simu. "Men pappa, det är ju lagligt," alisema. Ni halali, baba.

Roméo alipiga meza kwa kiganja. Sahani ya pilipili iliruka, ikapasuka sakafuni. Wote watatu walishangaa, na yeye kuliko wote. Alipiga magoti akaanza kuokota vigae kwa mikono yenye sabuni, akajikata, akaendelea kuokota.

"Nimesema hapana," alisema kwa sauti ya chini. "Écoute, sikiliza, Mama Nicole. Mara moja katika maisha, unikubalie bila kuuliza sababu."

Flaviana hakumkubalia. Aliijaza fomu, akaiweka kwenye mkoba wake wa kazi, akawa anasafiri nayo kila siku kati ya Tensta na Flemingsberg bila kuituma.

*

Wiki iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, Flaviana alikuwa amekwisha kuvaa koti ili awahi treni pale jengo lilipotikisika. Hakusikia mlio, alisikia kifua chake kikibanwa, kisha vioo vikimwagika ghorofa zote, kama mchanga unaoshushwa kutoka kwenye lori. Wao walikaa ghorofa ya nne. Alishuka ngazi akikanyaga vumbi na vioo, nyuma yake Roméo akimwita arudi.

Mlango wa jengo haukuwapo. Samir, dereva wa teksi wa ghorofa ya chini, alikuwa ameketi sakafuni akiegemea masanduku ya barua, funguo za gari bado mkononi. Kipande cha chuma kilikuwa kimeingia kwenye paja lake, na damu ilikuwa ikiruka kwa mapigo. Flaviana alivua kilemba, akalifunga paja juu ya jeraha, akapitisha mwamvuli wa Samir ndani ya fundo, akausokota mpaka mwanamume akapiga yowe.

"Nitazame. Samir, nitazame mimi. Usiangalie mguu."

Aliushikilia mwamvuli ule dakika ishirini na mbili. Baadaye polisi walisema ni magenge, na bomu lilikusudiwa mtu ambaye hakukaa tena pale. Alihama miaka miwili nyuma. Samir alikatwa mguu siku ile ile.

Flaviana alipopanda tena nyumbani, damu ilikuwa imemkaukia mpaka kwenye viwiko. Nicole alikuwa amejikunja bafuni, amejifungia. Roméo alikuwa ameketi nje ya mlango wa bafu, akimwimbia wimbo wa kanisani kwa sauti ya kukwama.

"Umeona sasa?" Flaviana alimwambia. "Umeona? Kesho watapanda mpaka hapa. Na sisi tuna nini? Tuna visu vya vitunguu."

Roméo aliacha kuimba. "Kumbe. Kumbe si ya älg."

"Ni ya älg. Na ni ya mtoto wangu."

"Polisi wanatoa kibali cha kuwinda, hawatoi cha kungojea watu mlangoni."

"Polisi walikuwa wapi leo?"

Roméo alimshika mkono akampeleka jikoni, akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimweleza. Aliongea akiitazama friji.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita, kule Masisi. Wapiganaji walinichukua shambani. Tulipewa bunduki kama hiyo ya mzee wako, za zamani, za kuvuta komeo kila risasi. Risasi tatu kwa mtu. Mkubwa wetu alisema risasi ni ya mtu mwenye bunduki. Mtu wa mikono mitupu, tumia kitako. Walileta mwanamume mmoja, mwalimu. Wakasema ni mpelelezi. Wakanisukuma mbele."

"Roméo."

"Nilipiga. Alikuwa amekwisha kufa, na mimi ninapiga tu. Walinivuta kwa shati. Wale watu, Flaviana, wale wabaya, ndio walinivuta. Waliniogopa. Sikujua kuacha." Akamgeukia. "Mimi siogopi hao wa mabomu. Ninaogopa siku moja waje na mimi niko na kitu mu mkono."

Flaviana alisimama na damu ya Samir mikononi. Alitaka kumshika, lakini mikono yake ilikuwa michafu. Alifungua bomba akanawa, na alipogeuka mumewe alikuwa amerudi mlangoni pa bafu.

Jioni ile hakuichana fomu, wala hakuituma.

*

Jumamosi moja, siku tisa baadaye, saa nane mchana, Flaviana alikuwa akiponda karanga na vitunguu saumu kwenye kinu alicholetewa kutoka Uvira. Nicole alikuwa chumbani akisoma. Roméo alikuwa ametumwa mafuta na mchele.

Alisikia kishindo kwenye ngazi, kisha sauti ya mumewe: "Ni nini hii? Umebeba nini?"

Alifungua mlango, mchi bado mkononi. Pale kwenye ukumbi wa ngazi, mbele ya mlango wao, mwanamume wa miaka kama ishirini na sita, mwenye koti zuri na viatu vipya, alikuwa amechuchumaa juu ya chupa ya chai. Chupa ile ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi, na juu yake ulitoka utambi. Mkono wake wa kulia ulishika kiberiti cha gesi. Tensta nzima ilijua maana ya chupa ya chai yenye utepe.

Roméo alimrukia. Mfuko wa mchele ulipasuka, punje zikamwagika ngazi nzima, nao wawili wakaanguka juu yake wakiteleza. Mwanamume alikuwa na nguvu. Alimpiga Roméo kichwa cha pua, damu ikafumka, akamwingiza kidole jichoni. Kiberiti kilidondoka, akakinyooshea mkono. Flaviana alikipiga teke kikashuka ngazi. Mwanamume alimshika kifundo cha mguu akamvuta, naye akaanguka kwa kiuno kwenye kizingiti.

"Nicole! Polisi!" alipiga kelele. Kisha akamsukumia mumewe mchi. "Chukua!"

Roméo aliuchukua.

Pigo la kwanza lilimpata yule mtu kwenye mkono, na mfupa ulisikika. Pigo la pili lilimpata kwenye goti. Aliachia mguu wa Flaviana, akajikunja ukutani, akanyanyua mkono mmoja uliobaki. "Snälla," alisema. "Snälla, snälla." Tafadhali. Nicole alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni, akilia na kusema anwani yao kwa Kiswidi mara mbili, mara tatu.

Roméo alisimama juu yake, damu ya pua ikimdondoka kidevuni, mchi ukiwa juu. Mchi ule ulikaa hewani. Kisha ukaanza kushuka taratibu, mpaka ukafika ubavuni pake. Akageuka kumtazama mkewe.

"Piga!" Flaviana alisema.

Hakumwelewa mara moja, au hakutaka kumwelewa.

"Piga! Piga!"

"Sluta!" Nicole alilia. "Acheni! Pappa, sluta!"

Roméo akapiga. Alimpiga kichwani, juu ya sikio, mara nne. Mara ya kwanza yule mtu alitoa sauti. Mara ya pili miguu yake ilikurupuka juu ya mchele. Baada ya hapo hakukuwa na kitu ila mlio wa mti kwenye kitu kilicholowa. Ni Nicole aliyemkumbatia baba yake kwa nyuma, akamfunga mikono, na mchi ukaanguka.

Flaviana alitambaa mpaka kwa yule mtu, akaweka vidole viwili shingoni mwake, kwa mazoea tu, kama alivyofanya kazini mara elfu. Moyo ulikuwa unapiga. Povu lenye damu lilikuwa likimtoka mdomoni. Chupa ya chai ilikuwa hatua mbili kutoka pale.

"Tumtoe," alisema. "Lishike koti lake. Baba Nicole! Lishike koti, mimi nashika kichwa."

Walimshusha ghorofa nne, mke, mume na mtoto, yule mtu akikoroma kati yao, na Flaviana akishuka kinyumenyume, kichwa kilichovunjika kikiwa kati ya viganja vyake, akiita majirani watoke. Chini, kwenye baridi, alimlaza kwa ubavu, akamfungua njia ya hewa kwa kidole, akamhesabia pumzi mpaka gari la wagonjwa likafika. Polisi walimkuta Roméo ameketi kwenye theluji nyembamba bila koti, amenyoosha mikono yote miwili mbele, anangoja kufungwa pingu.

*

Yule mtu aliitwa Adam; alikuwa ametumwa kwa yule yule aliyehama, akakosea mlango. Hakufa. Jicho moja lilipotea, na maneno pia. Mama yake alimfundisha upya kusema kijiko, kikombe, dirisha. Habari hizo Flaviana alizipata kwa Josefin, aliyempigia simu kila jioni, na ambaye siku moja alisema kwa aibu, "Baba anauliza kuhusu bunduki. Kuna mtu mwingine anaitaka. Lakini baba anasema wewe ndiye wa kwanza."

"Mwambie angoje mpaka Alhamisi," Flaviana alijibu. Alhamisi ilikuwa siku ya mahojiano yake.

Wote waliokuja kumpa pole walisema jambo moja. Wanawake wa kanisani, na hata Samir kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, walisema: sasa uko peke yako na mtoto, nunua. Usiogope. Sasa hata mumeo hayupo wa kukukataza.

Alhamisi alipelekwa kwenye chumba kidogo chenye sanduku la karatasi za kufutia machozi. Askari mpelelezi aliitwa Ella, mwanamke wa makamo, mtaratibu. Kiswidi cha Flaviana kilimtosha kazini, lakini kwa mambo ya jinai walikuwa wamemwita mkalimani, Heshima, mama wa Kigoma mwenye miwani mikubwa.

"Wewe ni mke wake," Ella alisema, na Heshima akatafsiri. "Sheria haikulazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mumeo. Ukitaka kunyamaza, nyamaza."

"Naelewa."

"Kujitetea ni haki yake. Swali letu ni yale mapigo manne ya mwisho. Mumeo ametueleza mambo ya ujana wake. Anasema alipagawa, kwamba yeye ndivyo alivyo. Anasema asingeweza kuacha." Ella aligeuza kompyuta. "Hii ni simu ya binti yako kwa namba ya dharura."

Sauti ya Nicole ilijaa chumba, anwani, kilio. Nyuma yake, mbali lakini safi kabisa, sauti ya mwanamke: Piga. Piga! Piga!

Ella alisimamisha. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hilo neno maana yake nini?" Alimuuliza mkalimani, si Flaviana.

Heshima alivua miwani akaifuta. "Lina maana nyingi," alisema kwa Kiswidi. "Kupiga simu, kupiga kelele, kupiga picha, kupiga mtu. Likiwa peke yake siwezi kusema. Na binti alikuwa na simu." Kisha akamgeukia Flaviana, akamuuliza kwa Kiswahili, neno kwa neno kama kazi yake ilivyomtaka, lakini macho yakiwa yameongeza jambo: "Anauliza ulikuwa unamaanisha nini, dada."

Jibu lilikuwa limelazwa mbele yake, rahisi, na lilikuwa la kweli nusu. Simu. Piga simu. Mama gani asingemwambia mtoto apige simu? Angetoka pale akiwa shahidi. Angerudi wodini Jumatatu. Polisi wasingepata sababu ya kumnyima kibali, na Oktoba angekaa kwenye kiti chake msituni na bunduki yake mwenyewe begani, asimwombe mtu.

Na Roméo angebaki na yale mapigo yote manne, na mwalimu wa Masisi juu yake.

"Si simu," alisema kwa Kiswidi, ili asimtwike Heshima mzigo. "Nicole alikuwa amekwisha kupiga simu. Nilikuwa namwambia mume wangu ampige yule mtu. Mchi nilimpa mimi. Alimpiga mkono, akampiga goti, akaacha. Aliushusha chini kabisa. Akanitazama. Nikamwambia apige. Akakataa kusikia, nikamwambia tena."

Heshima alivaa miwani yake. Ella alifunga kompyuta, akasema kwa upole kwamba mahojiano hayo yanakoma hapo, kwa kuwa sasa Flaviana ni mtuhumiwa na ana haki ya wakili. Akamwomba simu yake. Flaviana aliomba atumie dakika moja kabla ya kuikabidhi, akamwandikia Josefin: *Mwambie baba yako amwuzie huyo mwingine. Asante kwa kuningoja.*

*

Roméo alihukumiwa miaka miwili na nusu. Flaviana, kwa kuchochea, alipewa adhabu ya nje ya gereza: saa mia mbili za kazi bila malipo, na sehemu ya fidia ya Adam. Wodini hawakumrudisha. Alipata kazi ya kufua mashuka kwenye kiwanda kimoja cha dobi, ambako hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Mwezi wa Aprili aliruhusiwa kumwona mumewe kwa mara ya kwanza. Alimkuta amekonda, ndevu zimemwotea mvi. Hakumkumbatia mkewe.

"Umeharibu kazi yako bure," Roméo alisema. "Nilikuwa nimekwisha kuwaambia ni mimi. Nilibeba yote. Nani alikuomba ubebe?"

"Hakuna."

"Mtoto amebaki na mama mwenye kesi. Kwa sababu gani? Kila mtu anajua mimi ni nini. Mimi mwenyewe najua."

"Hujui," Flaviana alisema. "Ulikuwa na damu machoni, hukumbuki. Ulikuwa umeacha."

"Usinipe maneno ya kunifariji."

"Sikupi. Yangekuwa maneno ya kukufariji, kwa polisi ningenyamaza, nisingepoteza kazi. Nilikuwa chini, kiuno kwenye kizingiti, nilikuona toka chini mpaka juu. Uliacha. Mimi ndiye sikuacha."

Roméo alitazama mikono yake mezani. Nje, kwenye korido, mtu alipita na funguo.

"Mchi ulikuwa wapi?" aliuliza mwishowe.

"Juu. Juu ya kichwa chako."

"Halafu?"

"Halafu uliushusha. Polepole. Ukafika hapa," akajigusa ubavuni, kwenye mshono wa sweta. "Ukageuka."

"Niambie tena," Roméo alisema. "Tangu juu."

Flaviana akasogeza kiti karibu, akamweleza tena, tangu juu.